Unabadilisha bati nyumba ya zamani? Malizana na joto kabla fundi hajapiga bati mpya

Nyumba nyingi za zamani Dar na Tanga zimeezekwa bati moja kwa moja juu ya papi (zile mbao za kupigilia bati), chini siling bodi tu au hakuna kitu kabisa, ndo maana saa nane mchana feni inakupulizia joto na ukiwasha AC unit za LUKU zinakimbia. Sasa watu wakibadilisha paa wanakimbilia geji, oh nataka geji 28 sio 30 nyumba ipoe. Haipoi. Geji 28 ni nene kuliko 30, itadumu na haibonyei hovyo fundi akikanyaga, ila ni chuma tu, joto linapita. Tofauti inaletwa na rangi ya bati na unachoweka chini yake, na hicho cha chini ukikisahau bati zikishapigwa, kurudia ni kufumua upya.

Panga kazi Juni mpaka Septemba, masika imeisha vuli bado. Halafu angalia unafumua nini. Kama ni yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji, inaweza kuwa asbesto, usiguse na nyundo wala msumeno, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu inayojitokeza miaka mingi baadaye. Nenda halmashauri uulize utaratibu wa kuyatoa na pa kuyatupa. Yanalowanishwa maji kwanza, yanatolewa mazima, yanafungwa kwenye nailoni nzito, na barakoa ya kitambaa hapo haisaidii.

Bati likishatoka choma kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na bisibisi, hasa zile ncha za ukutani. Ikizama kirahisi hiyo mbao imeliwa, toa. Zinazobaki paka dawa ya mchwa sasa hivi wakati ziko wazi.

Sasa foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa ya kuzuia joto, na hapa ndo mafundi wengi wanalipua. Inatandikwa juu ya kenchi, halafu papi zinapigwa juu yake, halafu bati. Kwa hiyo papi ya 2x2 inakuachia nafasi ya hewa kati ya foili na bati, na hiyo nafasi ndo inafanya kazi, foili ikigusa bati inapokea joto lake moja kwa moja na kazi yake inapungua. Anza chini kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) upande juu, kila karatasi ya juu ipande ya chini kama sentimita 15 ili bati likivuja siku moja maji yateleze nje. Acha ilegee kidogo katikati ya kenchi, usiivute kama ngoma. Kama inang'aa upande mmoja, upande huo uangalie chini darini, maana ukiangalia juu vumbi linaujaza na mng'ao unakwisha.

Hewa ya moto nayo inataka pa kutokea. Acha matundu chini ya mapaa na mengine juu kwenye ukuta wa pembetatu mwisho wa paa, yote na wavu wa popo na panya.

Juu ya siling bodi unaweza kuongeza ile pamba ya kioo, vaa glovu, mikono mirefu na barakoa, inawasha balaa. Isilowe, ikilowa haina kazi, na usifunikie taa za siling zinazochemka. Umeme zima kwenye meni swichi kabla ya yote, nyaya za nyumba za zamani zimechoka na foili inapitisha umeme. Australia mwaka 2009 na 2010 vijana wanne walikufa kwenye mradi wa serikali wa kuweka insulesheni majumbani, watatu kwa shoti.

Bati lenyewe chukua nyeupe au krimu. Najua maruni na nyeusi ndo fasheni, ila unalipia hiyo fasheni kwenye LUKU. Karibu na bahari omba bati lililopakwa alumini-zinki, chumvi inakula bati la kawaida haraka, na skurubu ziwe na washa za mpira, zipigwe kwenye mgongo wa bati sio bondeni maji yanapopita.

AC nunua baada ya paa sio kabla, unaweza kukuta ndogo inatosha. Na kabla hujamalizia hela ya fundi, ngoja siku ya jua kali, saa tisa alasiri gusa siling bodi na kiganja chumba kwa chumba. Palipo moto kuliko kwingine mrudishe juu aangalie, mara nyingi foili imechanika au imebanwa na bati.