Kabla hujawapeleka maharusi kupiga picha bustanini

Nimekaa kwenye kamati za harusi hapa Tabora miaka mingi, na siku hizi nikiletewa kadi ya mchango swali langu la kwanza si ukumbi wala chakula. Nauliza: picha mnapigia wapi? Wakisema "bustanini, pale mjini", naomba kiti, naanza kutoa masharti. Anayeona nazidisha awaulize wifi zangu waliokuwepo siku ile. Nitaifikia.

Kibali kwanza. Bustani ni ya umma, ndiyo, na anayekuja kupumzika na gazeti lake hakuna atakayemuuliza kitu. Wewe unakuja na magari sita yanayopiga honi, kamera yenye miguu mitatu na kirikuu cha matarumbeta. Utaulizwa. Nenda siku mbili kabla, lipa kama kuna cha kulipa, na risiti ashike mtu mzima mwenye pochi, siyo mpambe.

Maji ya kunywa. Choo kijulikane kiko wapi kabla bibi harusi hajavaa gauni. Mkeka kwa ajili ya wazee. Ndala za akiba, maana kisigino chembamba kwenye nyasi zenye unyevu kinazama chote.

Muda wenu upangeni kwa jua la huku. Wapiga picha wanaotoka Dar es Salaam huja na ratiba ya kwao, wanataka saa tisa alasiri maharusi wawe wameshasimama. Sisi tuko magharibi mbali, saa za ukutani ni zile zile lakini jua linatufikia baadaye: utosini linafika karibu na saa saba mchana, na kuzama linachelewa kama dakika 25 baada ya Dar. Mwaka mzima halizami kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo saa tisa bado ni jua la kukunja uso na poda kuchuruzika. Anzeni saa kumi na moja. MC atalalamika kwamba ukumbini watu wanasubiri, mwacheni alalamike.

Msimu nao. Mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili, hilo kila mtu analijua na bado kila mwaka kuna anayeshangaa. Ambalo watu hawalifikirii ni utomvu wa embe. Maembe yakianza kukomaa, usimsimamishe mtu mwenye gauni jeupe chini ya tawi lililozaa. Tone likidondoka linageuka doa jeusi ambalo halitoki, na gauni lenyewe mara nyingi ni la kukodi.

Sasa mti wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, anaoa mtoto wa kaka yangu, na mimi ndiye shangazi mtu, kwa hiyo mambo ya picha yalikuwa mikononi mwangu. Tukafika, tukaona mwembe mkubwa, wa ile miembe ambayo mji huu umeirithi tangu enzi za misafara iliyokuwa ikipita hapa kati ya Ujiji na pwani. Kivuli chake kinameza basi zima. Mpiga picha akasema hapa hapa. Jumamosi jioni, bustani imejaa watu, na chini ya kivuli kizuri kuliko vyote hakuna aliyekaa. Hatukujiuliza kwa nini. Hata mzee mmoja muuza karanga alikuwa ameketi mbali, juani, na kapu lake.

Akainuka, akanifuata. "Mama, pale msikae. Ule mti una wenyewe."

Mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nimezaliwa huku, nikiambiwa mti una wenyewe najua tunaongelea mizimu. Nikamjibu, tena kwa kujisikia kidogo, "Baba, sisi tumeshasoma dua." Wifi zangu wakacheka. Mzee alitaka kuongeza neno lakini matarumbeta yalishaanza, akarudi kwenye karanga zake.

Kijana wa mapambo akapanda juu ya kiti, anataka kutundika kitambaa nyuma ya maharusi. Akagonga msumari kwenye shina. Wa kwanza ukaingia salama. Wa pili akaugonga mara tatu, nne, na ndipo wenyewe wakatoka. Upande wa pili wa shina, ule ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kuuzunguka, kulikuwa na pango, na ndani yake nyuki wa miaka.

Walianza na wapambe wenye suti nyeusi. Wakaja kwangu, nimetoka saluni, kichwa kizima kimepuliziwa dawa inayonukia. Mpiga tarumbeta walimshika mdomo, usiku ule hakupuliza tena. Bwana harusi tulimtoa miiba 14, akaingia ukumbini na jicho moja. Bibi harusi alijifunika shela, gauni jeupe mpaka miguuni, akakimbilia kwenye gari akafunga vioo. Miwili tu, mkononi.

Jioni alikuja mrina asali kuwatazama wale nyuki, akatufundisha tulichopaswa kujua, sisi watu wa mji wenye chuo kizima cha ufugaji nyuki. Nyuki hapendi mtikisiko kwenye makazi yake. Akihisi adui, hulenga kitu cheusi na pumzi ya mdomo na pua, ndiyo maana uso unaumia kuliko mahali pengine. Akikuchoma, mwiba unaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na hiyo harufu ndiyo inayowaita wenzake. Ukimpigapiga unazidisha. Funika uso kwa khanga au koti, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, wala usisimame ukidhani mita hamsini zinatosha. Usijitose kwenye maji, watakusubiri juu. Mwiba unabaki na kifuko chake kikiendelea kusukuma sumu, basi ukishafika salama ukwangue upesi kwa kucha au chochote, usipoteze muda kutafuta kibano. Mtu akivimba midomo, akikosa pumzi au akipata kizunguzungu, hospitali hapo hapo, hata kama amechomwa mara moja tu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iwe kwenye simu ya mwanakamati mmoja angalau.

Kwa hiyo siku mnayokwenda kuomba kibali, uzunguke na mti mtakaosimama chini yake. Uzunguke wote, mchana, jua likiwa kali. Tazama juu, tafuta tundu, angalia kama kuna nyuki wanaoingia na kutoka kwa mstari. Msigonge misumari, kitambaa kifungeni kwa kamba kwenye fito mlizokuja nazo. Matarumbeta yabaki barabarani.

Watoto wahesabuni mnapoingia na mnapotoka. Simu na pochi za maharusi ashike mtu mmoja asiyecheza muziki. Chupa za soda msiziache wazi, mkinywa tazameni ndani kwanza. Maua yaliyopandwa msikanyage kwa ajili ya picha moja. Takataka mrudi nazo. Magari yageuzwe kabisa yaangalie njia ya kutokea, vioo vimefungwa, dereva asiende mbali na funguo. Na kama mzee wa karanga bado yuko pale, mnunulieni, mkae naye kidogo mumsikilize mpaka amalize.