Chora kesho ya mtaa na vijana wake, hatua kwa hatua

Ukiwakusanya vijana ukumbini ukawauliza "jiji la ndoto zenu likoje?", watakuchorea Dubai: maghorofa ya vioo na chemchemi. Mimi huanza na ardhi wanayoikanyaga kila siku. Mfano wangu ni mitaa ya Dar es Salaam, hasa ya karibu na bonde la Msimbazi.

1. Piga hodi serikali ya mtaa. Peleka barua kwa mtendaji, na mwenyekiti ajue. Mkipita na ramani mkononi bila taarifa, watu watadhani mnakuja kupima ili wabomolewe. Kwa waliobomolewa bondeni, hofu hiyo si ya bure.

2. Tafuta vijana. Kumi na tano hadi ishirini wanatosha. Usichukue wazungumzaji wa kila semina tu. Tafuta wasusi, wanafunzi, wenye ulemavu, bodaboda. Huyu wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, kwa hiyo posho yake si hisani.

3. Chapisha ramani. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, ni bure, na kata nyingi za Dar zimo kwa kina: Tandale ilichorwa 2011, kisha kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora maeneo yanayofurika. Chapisha ukubwa wa A0. Kwanza kila mmoja atafute kwao. Acha wapige kelele.

4. Tembeeni. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Kila mmoja aweke alama za rangi kwenye ramani: kijani ni ninapopapenda, nyekundu ninapopaogopa, bluu panapojaa maji. Utakuta kichochoro kimoja kina kijani cha mvulana, maana kijiwe chao kiko pale, na nyekundu ya msichana anayetoka tuisheni saa moja usiku na kuzunguka hadi barabara ya lami. Simamisha kila kitu, waache wabishane. Muulize msichana anachokihitaji: taa? Genge la vyakula linalochelewa kufungwa usiku? Majibu hayo huwezi kuyapata ukumbini.

5. Choreni juu yake. Tandika nailoni angavu juu ya ramani, wape kalamu za maka. Kila kundi lichore kitu cha mwaka huu, cha miaka mitano, na cha 2050, mwaka unaolengwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo. Aliye na miaka 20 leo atakuwa na zaidi ya 40. Vipimo wavipige kwa hatua za miguu. Anayetaka basi la mwendokasi lipite uchochoroni akumbushwe kwamba yale marefu yana mita 18, akate nalo kona.

6. Gawa kila ombi kwa mhusika wake. Usafi na ulinzi ni wa mtaa, mitaro na barabara nyingi za ndani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maji ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Mradi wa kipato wa kikundi uende halmashauri, kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo vijana wana asilimia 4.

7. Ingia mkutano mkuu wa mtaa. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi kadhaa kabla. Ukija Mei umechelewa. Mkutano ni wa wakazi wa miaka 18 na zaidi, hivyo walio chini ya hapo waombewe nafasi kwa mwenyekiti mapema. Peleka mambo mawili tu, mchoro ubandikwe ukutani, asemaye awe kijana na si wewe. Usiondoke kabla hujaona mtendaji ameyaandika kwenye muhtasari, na uombe nakala.