Kuacha kahawa bila kuumwa kichwa

Usiache ghafla. Kichwa huanza kugonga saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na huweza kusumbua hadi siku 9. Kama kijiweni Kariakoo unakunywa vikombe 4 kwa siku, punguza kimoja kila baada ya siku 3, ukianza na cha jioni, maana ndicho kinachokuibia usingizi.

Mbadala unaoridhisha kweli ni tangawizi. Ponda gramu 20, tia kwenye nusu lita ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 15. Ukiepua mapema utakosa ule ukali wa kooni. Mchaichai uingie dakika 3 za mwisho, harufu isipotee. Kashata endelea nayo. Chai ya rangi usiitegemee, nayo ina kafeini.