Somo: Vifaa vya kuanzia muziki wa kielektroniki nyumbani, na mpangilio wa kuvinunua

Wengi wanaoanza hununua kwanza spika mbili na kinanda kirefu, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwenye picha za studio. Lakini kazi hufanyika ndani ya kompyuta, na kila uamuzi hupitia masikioni. Nunua kwa mpangilio huu, na usiende hatua inayofuata mpaka ile uliyopo ianze kukubana.

Hatua ya 1: Kompyuta. Anza na uliyonayo. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 inatosha kujifunzia. GB 16 ni nzuri zaidi, kwa kuwa sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) za ngoma na piano hupakiwa humo. Kazi zako ziweke kwenye diski ya SSD. Sauti ikianza kukwaruza na kukatika, prosesa imezidiwa: geuza sinthesaiza (ala ya programu inayotengeneza sauti) nzito kuwa faili la sauti, kisha uizime. Laptopu iwe kwenye umeme, maana hali ya kuokoa betri hupunguza kasi ya prosesa.

Hatua ya 2: Programu ya kutengenezea muziki. LMMS ni ya bure. GarageBand hupatikana bila malipo kwa wenye Mac. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. FL Studio ya majaribio inakubali kuhifadhi kazi, ila hutaweza kuifungua tena mpaka uilipie, kwa hiyo toa faili la WAV kabla ya kufunga. Chagua moja na ukae nayo. Anayehamahama programu hujifunza menyu, hajifunzi muziki.

Hatua ya 3: Hedifoni. Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende, na hapa ndipo watu wanapobana matumizi kimakosa. Hedifoni za kawaida za kusikilizia huongezwa besi kiwandani ili zipendeze. Ukitengenezea biti humo, utapunguza kiki (ngoma nzito ya chini) ukidhani imezidi, na kwenye spika nyingine itasikika nyembamba.

Tafuta za waya, zinazofunika sikio lote. Za Bluetooth ziache kabisa wakati wa kupiga: unabonyeza kitufe sasa, kiki inafika vidole vimeshaondoka. Zilizofungwa nyuma zinafaa kama utarekodi sauti, kwa sababu mdundo hauvuji kuingia kwenye maiki. Zilizo wazi nyuma hutoa sauti pana zaidi, lakini zinavuja. Angalia pia ukinzani wa umeme wa hedifoni: ohm 32 hadi 80 husukumwa vizuri na kompyuta ya kawaida, ila za ohm 250 huweza kusikika chini usipokuwa na kikuza sauti. Sony MDR-7506 (ohm 63) na Audio-Technica ATH-M40x (ohm 35) ni mifano mizuri ya zilizofungwa.

Zipime kwa wimbo unaoujua kwa moyo. Fuata gitaa la besi peke yake. Je, unasikia noti moja baada ya nyingine, au ni mvumo mmoja tu? Kisha sikiliza haihati (matoazi ya ngoma): isikike kama chuma kinachogongwa, isichome kama mluzi.

Hatua ya 4: Kinanda cha MIDI. Hiki hakina sauti yake. Kinatuma ujumbe tu: noti ipi imebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani, kwa namba zisizozidi 127. Sauti inatoka kwenye programu. Funguo 25 ni oktavu mbili, zinatosha kwa besi, ngoma na melodi fupi. Anayepiga kwa mikono miwili achukue 49. La lazima ni funguo zinazohisi nguvu ya kidole, la sivyo kila noti hutoka kwa ukali uleule na mdundo hukosa uhai. Pedi nane, kama za Akai MPK Mini, husaidia sana kwenye ngoma. Soma boksi vizuri kabla ya kulipa: vinanda vingi huja na toleo jepesi la programu ya muziki.

Hatua ya 5: Kadi ya sauti ya nje. Inunue siku utakapotaka kurekodi sauti au gitaa. Matundu mawili ya kuingizia yanatosha. Maiki ziko za aina mbili: ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Ya dainamiki haizihitaji, na huwa haichukui sana kelele za chumba kisichotulia.

Hatua ya 6: Spika. Za mwisho. Koni ya inchi 5 inatosha chumba kidogo. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu ya pande sawa, na spika ndogo ya sauti kali iwe usawa wa sikio. Usizisukumie kwenye kona, kwani kona huvimbisha besi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikibonyeza kinanda sauti inachelewa. Kinanda ni kibovu?*
Hapana, tatizo ni bafa, yaani idadi ya vipimo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa. Kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 huchelewesha karibu milisekunde 23, na ya 256 karibu milisekunde 6, ambazo ni kama kusimama mita mbili kutoka kwenye spika. Kwenye Windows tumia ASIO (draiva ya sauti isiyochelewesha sana), weka 256 au 128 unapopiga, kisha panda hadi 1,024 wakati wa kumiksi (kusawazisha sauti zote za wimbo).

*Asante kwa somo. Taa ya kinanda inawaka lakini hakuna kinachosikika.*
Anza na kebo. Kebo nyingi za USB ni za kuchajia tu, taa itawaka bila data kupita. Kama kebo ni nzima, fungua mipangilio ya programu uwashe kinanda kwenye orodha ya MIDI. Kisha hakikisha traki ina ala na kitufe cha kurekodi cha traki hiyo kimebonyezwa.

*Besi yangu ni nzito kwenye hedifoni, kwenye simu inapotea yote. Nikiongeza sauti haibadiliki.*
Besi yako iko chini ya hezi 60 pekee, na spika ya simu haifiki huko. Kuongeza sauti hakusaidii. Iongezee mkwaruzo (distortion) kidogo ili izae masafa ya juu, au inakili oktavu moja juu kwa sauti ya chini.

*Spika zinavuma hata muziki ukiwa kimya.*
Tumia kebo za TRS zenye nyaya mbili za ishara, si za gitaa, na chomeka spika, kadi na kompyuta kwenye soketi moja ya umeme. Mvumo ukiisha unapochomoa chaja ya laptopu, unapitia kwenye chaja hiyo. Waya wa ardhi usiukate hata siku moja, ndio unaokulinda na shoti.