Jinsi ya kuomba IVA ya gari ulilojenga mwenyewe Uingereza, na kwa nini uanzie kwenye mipira ya breki za nyuma

Wakuu, hii ni kwa wale mlioko Uingereza na mna gari mnaliunga wenyewe gereji ya nyumbani, yale ya mtindo wa Lotus Seven (gari dogo la michezo la viti viwili) na mengineyo, na sasa mnataka lipate namba liingie barabarani. Bila kufaulu ukaguzi wa IVA (Individual Vehicle Approval, yaani kuidhinisha gari moja moja) hulisajili, ndio utaratibu tangu 2009 ulipochukua nafasi ya ukaguzi wa zamani wa SVA, na kwa England, Scotland na Wales wanaokagua ni DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Wengi wanakimbilia fomu kwanza. Mimi nakwambia anza chini ya gari, tena nyuma, kwenye mipira ya breki, ile mirija laini inayopitisha mafuta ya breki hadi kwenye gurudumu, fomu itakusubiri.

Sababu ni hii. Mpira wa mbele kila mtu anaukumbuka maana ukizungusha usukani unauona unavyojikunja. Wa nyuma unasahaulika, na gari la kujenga nyumbani linakaa miezi juu ya stendi magurudumu yananing'inia, injini haijaingia, viti hakuna, kwa hiyo ukipima mpira hapo unapima mkao ambao gari likishashuka chini halina tena. La kwangu lilianguka hapo hapo mara ya kwanza. Mkaguzi alimulika tochi nyuma ya tairi la kushoto akanionyesha sehemu ya mpira inang'aa kama imepigwa msasa, ilikuwa inagusa springi, na gari hata barabarani halijaenda, ni kupandishwa na kushushwa kwa jeki tu. Breki zenyewe zilikuwa zinashika vizuri lakini mpira unaosuguana na chuma ipo siku utatoboka, na anayekaa kiti cha pembeni ni mwanangu, kwa hiyo sikubishana, nilirudi nyumbani nikafumua.

Cha kwanza jua gari lako lina mipira mingapi nyuma. Kama ekseli ni moja nzima, mara nyingi ni mpira mmoja tu kutoka kwenye shasi mpaka kwenye ekseli, halafu bomba la chuma linagawanyika kwa kiungo cha umbo la T kwenda kila upande. Kama kila gurudumu linajitegemea, mfano umechinja Mazda MX-5 kuchukua vipuri vyake kama wengi tunavyofanya, basi ni miwili. Usinunue mpaka umepima. Toa springi kwenye shokapu, rudisha shokapu peke yake, kisha kwa jeki pandisha gurudumu mpaka mwisho wa juu halafu lishushe mpaka mwisho wa chini, na kila mkao pima kwa kipande cha waya uliokunja njia ile ile mpira utakayopita. Gurudumu likiwa limening'inia mwisho kabisa mpira bado uwe na ulegevu kidogo, na likiwa juu kabisa usijikunje ukagusa kitu.

Sasa uzi wa nati, na hapa naomba usome taratibu. Kuna M10 yenye hatua ya milimita 1 (umbali kati ya uzi na uzi) na kuna ile ya inchi, 3/8 UNF yenye nyuzi 24 kwa inchi, na kwa macho ni mapacha. Ya milimita ukiilazimisha kwenye tundu la inchi itakwama mapema, hiyo ni heri maana utashtuka, lakini ya inchi ukiitia kwenye tundu la milimita inaingia, inazunguka, unaona kama imeshika, halafu siku ukikanyaga breki kwa nguvu ndio inachomoka. Spea za MX-5 ni M10. Ukinunua mabomba na mipira sehemu tofauti, waulize kila mmoja uzi gani na mdomo wa bomba umetanuliwa kwa mtindo gani, maana mitindo iko zaidi ya mmoja, usipokaa vizuri utavuja hata ukikaza mpaka spana ilie.

Kufunga unaanzia kwenye kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la mpira, za zamani usirudishe. Acha mpira ulale wenyewe unavyotaka, ndio upeleke ncha ya pili kwenye braketi ya shasi, shika kichwa cha mpira kwa spana moja wakati unakaza nati ya kuubana kwa nyingine ili usijisokote, kisha ndio unaleta nati ya bomba la chuma. Angalia ule mstari au maandishi yaliyo kwenye mpira, yakiwa yamezunguka kama kamba basi umesokota, legeza uanze upya. Braketi iwe ya chuma, imechomelewa au ina bolti, zile kamba za plastiki si za kazi hii. Bomba la chuma libane kwa klipu kila sentimita 30 hivi, mbali na ekzosi, na kebo ya handibreki isipite ikiulalia mpira.

Halafu zungushia mpira masking tepu, rudia kupandisha na kushusha gurudumu mara kumi, toa tepu uikague. Ikichubuka hata kidogo kuna kitu kinagusa. Kama ningelifanya hivi mwanzo nisingelipa ada mara mbili.

Jaza mafuta ya breki ya DOT 4, toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda, na iliyomwagika ioshe kwa maji haraka maana inakula rangi. Kisha mtu akanyage pedali kwa nguvu aishikilie dakika nzima huku wewe unapangusa kila nati kwa tishu nyeupe.

Hapo sasa ndio maombi. Picha za ujenzi na risiti uwe umetunza tangu siku ya kwanza, maana utasaini tamko kwamba gari umelijenga mwenyewe kwa matumizi yako, si biashara. Fomu ni IVA1C, ipo kwenye tovuti ya GOV.UK pamoja na mwongozo wa ukaguzi, pakua vyote, ni bure. Watataka namba ya shasi, uzito ambao kila ekseli imeundwa kubeba, na ushahidi wa umri wa injini kwa sababu moshi unapimwa kulingana na umri huo. Lipa ada, subiri tarehe.

Siku yenyewe unaruhusiwa kuliendesha bila namba kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kupangwa, ila bima iwepo, wanakatia kwa namba ya shasi. Wengi wanabeba kwa trela na mimi naona ni salama zaidi. Kwenye breki wanaangalia mengi: kiwango cha mafuta ya breki kionekane bila kufungua kifuniko, taa ya onyo iwake, handibreki ishike, na magurudumu ya nyuma yasijifunge kabla ya mbele. Nje ya breki kinachoangusha wengi ni kona kali, chuma au fiba iliyochomoza inatakiwa iwe na mviringo wa angalau milimita 2.5, kwa hiyo zungukia gari na geji yako kabla hawajaja na yao.

Ukianguka unapewa orodha, unarekebisha, unaomba tena. Ukifaulu unapata cheti cha IAC (cheti cha kuidhinishwa gari lako), na hicho unakipeleka DVLA, wakala wa kusajili magari, kule Swansea pamoja na fomu ya usajili, V55/4 kwa gari la vitu vipya au V55/5 kama kuna vya zamani, V627/1 inayoeleza kila kipande kimetoka wapi, risiti, kitambulisho na £55. Vipande visivyojulikana umri vinaweza kukupa namba inayoanza na Q, gari linatembea vile vile.

Namba zikifika fungeni, tembea maili hamsini za taratibu, kisha rudi chini ya gari na ile tishu nyeupe, pangusa nati za nyuma zote nne, kulia na kushoto.