Damu ya kupima VEGF: kuichukua Kigoma, kuituma Dar

VEGF ni protini inayochochea mishipa midogo ya damu kuota, hasa pale misuli ya moyo inapokosa oksijeni. Bado ni kipimo cha utafiti, kwa hiyo dawa za mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo zisibadilishwe kwa ajili yake.

Tumia tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau. Nyekundu iache: damu inapoganda, chembe sahani (vipande vidogo vinavyogandisha damu) humwaga VEGF ziliyoibeba, na seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) husoma juu kuliko plazma (maji ya damu isiyoganda). Ya kijani ina heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ambayo hushikana na VEGF. Ndiyo maana hata kanyula (mrija uliowekwa mshipani) iliyosafishwa kwa heparini haifai. Choma mkono mwingine. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise.

Ndani ya dakika 30 zungusha tyubu kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu, kwa 1000 g (nguvu mara 1000 ya mvutano wa dunia), dakika 15. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana mashine nyingi huonyesha mizunguko kwa dakika, wala si g. Pima kwa rula kutoka katikati ya rota (sehemu inayozunguka) hadi kitako cha tyubu: sentimita 10 zinataka mizunguko 3000 hivi, sentimita 15 kama 2450. Acha rota isimame yenyewe. Breki kali huvuruga lile tabaka jeupe lililo kati ya plazma na chembe nyekundu, na humo ndimo chembe sahani zilimo. Nyonya plazma ukibakiza nusu sentimita juu yake. Ukiwa na mashine yenye nguvu, zungusha plazma hiyo tena kwa 10,000 g, dakika 10. Chembe sahani zikibaki, zitapasuka kwenye friza na kupandisha majibu. Plazma ikiwa nyekundu, chukua damu upya.

Gawa mililita 0.5 kila kichupa, weka nyuzi −80. Usiyeyushe ukagandisha tena. Kwa umeme unaokatika, weka humo kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu. Ukiikuta imezama, sampuli ziliyeyuka. Safarini tumia barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), kwenye boksi lisilozibwa kabisa, maana hutoa gesi. Shirika la ndege lijulishwe mapema.

Kwenye fomu andika siku ya upasuaji, hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu katika damu), damu aliyoongezewa mgonjwa na hali ya vidonda vya upasuaji vya kifua na mguu. Vidonda vinavyopona navyo hupandisha VEGF, na bila maelezo hayo msomaji atadhani ni moyo.