Ritifaa ikikutana na must, may na can: kusoma na kuandika Kiingereza cha kila siku ughaibuni

Barua nyingi zinazoingia nyumbani kwako ng'ambo, ziwe za shule, za mwenye nyumba, za hospitali au za kazini, zina sentensi za umbo moja: kitu cha mtu fulani, halafu must, may, can au should, halafu kitendo. "Your child's passport must be valid." "Your employer's letter may be accepted." Ukilielewa umbo hilo utajua nani anatakiwa kufanya nini, kipi ni lazima na kipi ni hiari. Usipolielewa utahangaika kutafuta karatasi ambayo hukuombwa, au utaikosa ile uliyoombwa.

Sisi hutaja kitu kwanza, mwenyewe baadaye: wakala wa mwenye nyumba, mwalimu wa mwanangu. Kiingereza humtanguliza mwenyewe, kikamwekea ritifaa, yaani ile alama tunayoiandika kwenye ng'ombe, pamoja na herufi s, ndipo kikataja kitu: the landlord's agent, my son's teacher. Kwa hiyo anayehusika na kitendo ni yule aliye karibu kabisa na must au can. "The landlord's agent must sign the form": anayetakiwa kutia saini ni wakala. Mwenye nyumba ametajwa tu ili tujue wakala ni wa nani. Hata mnyororo ukiwa mrefu, kanuni haibadiliki. "My husband's sister's children can stay with us." Isome kuanzia neno lililo karibu na can, urudi nyuma: watoto, wa dada, wa mume wangu. Wanaokaa ni watoto wa wifi yako, si wifi mwenyewe.

Baada ya can, must, may, should na will, kitenzi hubaki kitupu. Hapa wengi wetu tunateleza, na sababu iko kwenye Kiswahili chenyewe. Tunasema "anaweza kusoma", na ile ku- inatuvuta tuseme "can to read". Tunasema "ataweza kuja", na tunajikuta tumesema "will can come". Kiingereza hakikubali yote mawili. Sema "My son's teacher can read Swahili", bila to na bila s mwishoni mwa read. Kwa wakati ujao sema "My son's teacher will be able to come". Must nayo haina wakati uliopita wa kwake, kwa hiyo jambo la jana huwa had to: "My wife's manager had to leave early."

Kwenye maswali, shikilia kwamba kisaidizi, yaani can, must na wenzao, hurukia mbele ya fungu zima. Kiswahili hakisogezi kitu, tunaongeza "je" au tunapandisha sauti tu. Kwa Kiingereza, "My wife's name can be added" hugeuka kuwa "Can my wife's name be added?" Usiligawe fungu la umiliki katikati, my wife's name lihame likiwa zima. Ukipiga simu zahanati, anza na could, maana kwa masikio ya mpokeaji simu ni ya adabu zaidi kuliko can: "Could my mother's appointment be moved to Thursday?" Sentensi hiyo moja ina mambo yote anayoyahitaji: ombi, mgonjwa, kitu na siku. Anayesema "My mother, her appointment, I want Thursday" ataeleweka pia, lakini atasikika mkali bila kukusudia, na wazee wetu hawastahili kuombewa huduma kwa namna hiyo.

Sasa jambo ninaloliona zito kuliko yote: must not si "si lazima". Must not ni marufuku. "Your visitor's car must not be parked here" maana yake gari la mgeni wako lisiegeshwe hapo kabisa. Ukitaka kusema si lazima, tumia doesn't have to au need not. Fikiria unaandaa sikukuu ya kuzaliwa ya binti yako, na mama wa rafiki yake anauliza alete nini. Wewe kwa ukarimu unataka kumwambia asijisumbue. Ukimwandikia "My daughter's friend must not bring anything", umemkataza. Andika "My daughter's friend doesn't have to bring anything", naye atafurahi.

May ina sura mbili, ruhusa na huenda. Kwenye mkataba, "The tenant's deposit may be used to pay for damage" ni ruhusa: mwenye nyumba anaruhusiwa kukata hela za dhamana ya mpangaji kulipia uharibifu. Kwenye ujumbe wa shirika la ndege, "Your mother's flight may be delayed" ni huenda. Jiulize nani anasema. Kanuni na mikataba hutoa ruhusa, habari hubashiri. Mikataba hupenda pia shall, na hapo usisome wakati ujao, soma wajibu. "The employer shall not keep the employee's passport" inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Anayesaini mkataba wa kazi wa lugha mbili kule Ghuba aitafute sentensi ya namna hii kabla hajaweka kalamu chini. Should nayo, kwenye barua za shule za Uingereza, huonekana kama ushauri: "Your child's coat should have a name in it." Ichukulie kama agizo lililosemwa kwa upole, uandike jina kwenye koti.

Umiliki wa Kiingereza haukomei kwa watu, hata muda humiliki. Tunachokiita kodi ya mwezi mmoja ni one month's rent. Ukizidi mmoja, ritifaa huja baada ya s: two weeks' notice (taarifa ya wiki mbili kabla), five weeks' rent. Wapangaji wa England wayajue maneno haya, kwa sababu yamebeba haki zao. Tangu mwaka 2019 sheria ya huko inasema dhamana ya nyumba ambayo kodi yake kwa mwaka haifiki pauni 50,000 isizidi kodi ya wiki 5. Kwa barua pepe utaandika: "The deposit must not be more than five weeks' rent." Fedha hizo zinapaswa kuwekwa kwenye mpango rasmi wa kulinda dhamana ndani ya siku 30 tangu zipokelewe. Na mwenye nyumba akitaka kuja kukagua hali ya nyumba, "The landlord must give at least 24 hours' notice", tena kwa maandishi.

Ile 's huwachanganya wengi masikioni, maana inaweza pia kuwa is au has iliyofupishwa. Visaidizi vinakusaidia hapa. Sikiliza: "My car's broken, but my brother's can take us to the airport." Ya kwanza ni is, gari limeharibika. Ya pili haiwezi kuwa is, kwa sababu is can haipo katika Kiingereza. Basi ni umiliki, na neno car limeachwa kwa kuwa limeshatajwa: gari la kaka ndilo litakalotupeleka.

Jihadhari pia na his na her. "-ake" yetu haijali mume wala mke, kwa hiyo ulimi wa haraka hutoa "My brother must bring her passport" wakati pasipoti ni ya kaka mwenyewe. Kiingereza humwangalia mwenye kitu: kaka ni his, dada ni her, hata kama kitu ni kilekile. Kwenye chumba cha mahojiano ya viza, afisa akisikia her ataandika kwamba pasipoti ni ya mwanamke fulani, kisha atauliza ni nani. Ukihisi ulimi unayumba, acha kiwakilishi utaje jina la uhusiano: "My brother's passport must be renewed."